Maneno Unayotaka Kubandika kwenye Asali ya Mjomba

Lusekelo mwanangu,

Mama yako amekwisha kukufundisha namna ya kusinzia ndani ya basi bila kuibiwa, na dada zako wamelifunga na kulifungua begi lako mpaka zipu imeanza kulalamika. Huko sina la kuongeza. Utakula, utafua, utampigia mama yako simu, na usipompigia atakupigia yeye mpaka uone haya. Mimi nimekaa hapa barazani tangu mchana. Foleni ya malori ya mpakani imefika karibu na geti letu, madereva wanachemsha chai chini ya matela yao, na nimeazimia kukuandikia kabla giza halijaingia. Nikisema kwa mdomo huwa narefusha, na wewe huwa unaangalia simu.

Nakuandikia kwa sababu ya lebo za asali ulizochapisha Mbeya.

Jana ulinionyesha moja ukiwa umefurahi, nami nilifurahi pamoja nawe. Nyuki amechorwa vizuri, jina la Ibaba limekaa katikati, namba yako ya simu inasomeka hata kwa macho yangu. Halafu chini kabisa, kwa herufi nyekundu: Haina madhara kwa wenye kisukari. Nikakuuliza nani amekwambia hivyo. Ukanijibu, "Baba, Dar wote wanaandika. Usipoandika, mtu anachukua chupa ya jirani." Nikakurudishia lebo yako, ukadhani nimekubali. Nilikuwa nimesikia tena mlio wa mfuniko wa debe ukimpiga mtu usoni.

Unajua kwamba mjomba wako Ambilikile alipigwa sokoni wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Jicho lake moja umelikuta halipo, na hilo la pili unaona linavyozidi kufifia kila mwaka. Ulipokuwa mdogo ulimuuliza kama nyuki ndio waliolichukua, naye akakuambia kwamba nyuki wana adabu, huuma na kuondoka zao. Kisa kizima hujawahi kuambiwa, kwa sababu sehemu yangu ndani yake hainipendezi. Kesho unabeba asali yake kwenda kuiuza mbali na macho yetu, kwa hiyo nakuambia.

Nianze na asali yenyewe. Mara ya kwanza nilipokwenda Ibaba, mlimani kwao mama yako, nikiwa mkwe mpya, mjomba wako alinichukua kurina. Siku hizo asali ilirinwa kwa vita. Walikuwa wakipanda mtini na mwenge wa nyasi, nusu kavu nusu mbichi, wakausokomeza kwenye mdomo wa mzinga wa gogo mpaka nyuki wakaporomoka kama kahawa iliyoungua. Masega yalitoka na majivu, mabuu na maiti za nyuki, yote yakakamuliwa pamoja. Mimi nilichomwa na nyuki usoni hadi macho yakafumba. Nikateremshwa kwa kushikwa mkono kama kipofu, na mjomba wako akacheka hadi akaketi chini: "Shemeji, mwenye nyumba amekutambua."

Jioni, uso umenivimba, nikamlipa kicheko chake kwa somo. Nilimweleza kuwa nyuki naye ana kiwanda. Hunyonya maji matamu ya maua, huyabeba tumboni, humpa mwenzake kwa mdomo, na huyo humpa mwingine. Katika kupokezana huko huyatia majimaji ya miili yao yanayoikata sukari ya maua kuwa sukari mbili ndogo zaidi. Kisha huyapepea kwa mabawa mpaka maji yapungue na kiini kizito kibaki, halafu hufunika kwa nta. Hakuna chokaa wala mashine. Sukari ya dukani, nikamwambia, ina safari nyingine. Muwa husagwa, juisi yake huchemshwa na kutiwa chokaa ili takataka zitengane nayo, hukaushwa hadi punje zifanyike, kisha punje huzungushwa kwa kasi katika pipa lenye matundu mpaka uji mweusi unaozizunguka urushwe nje. Ile ya hudhurungi imebakiwa na uji huo kidogo. Ile nyeupe, kama waliyokuwa wakiivusha kwa baiskeli kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, imesafishwa zaidi hadi haina kitu kingine ila utamu.

Mjomba wako alisikiliza kwa makini, maana anapenda kujua vitu. Akaniuliza, "Kwa hiyo hii yangu haijapita kiwandani?" Nikasema haijapita. "Na ina vitu vya kujenga mwili ambavyo ile haina?" Nikasema inavyo, kidogo sana. Alichoshika ni hayo mawili, na neno "kidogo sana" likabaki pale pale Ibaba.

Nilipaswa kumweleza zaidi, hasa kwa kuwa nilikwisha kuona utamu unavyoweza kudanganya watu. Nilipoanza ualimu walinipeleka Kamsamba, bondeni, kwenye joto linalomfanya mtu agombane na kivuli chake. Palikuwa na mzee aliyechemsha juisi ya miwa katika karai wazi hadi iwe nzito na nyeusi, akaimimina kwenye vibati igande. Hiyo ndiyo sukari guru. Watu wakaamini kwamba kwa kuwa ni nyeusi na imetengenezwa nyumbani, basi ni chakula cha afya. Wauza gongo waliinunua kuzidi walaji. Siku moja wanunuzi wawili waligombea vibati vya mwisho, na mmoja akachota upawa wa uji ule unaochemka akammwagia mwenzake shingoni. Maji ya moto huteleza na kuanguka. Uji wa sukari hung'ang'ania, huendelea kuchoma, na ukiubandua unatoka na ngozi. Nilimshika yule mtu miguu wakati wenzake wanambandua. Tangu siku ile siwezi kusikia mtu akisema kitu hakidhuru kwa kuwa ni cha asili. Na bado nilisikia mjomba wako akilisema hilo, nikacheka.

Ilikuwa hivi. Alianza kushuka Tunduma kila msimu na madebe yake, akapanga karibu na wauza mchele. Nilipopita jioni nikitoka shule nilimsikia akiwaita wateja: "Hii si sukari, mama. Hii ni dawa. Hata mwenye ugonjwa wa sukari anakunywa. Shemeji yangu mwalimu amesema." Akaniona, akaninyooshea kidole mbele ya watu, na watu wakanitazama kwa heshima. Nikainua mkono, nikacheka, nikapita. Ndivyo nilivyolitia sahihi neno ambalo sikulisema, na kilichonifanya niliache lipite ni utamu wa kutajwa jina hadharani.

Miongoni mwa waliosikia alikuwa Bi Rehema. Huyu alikuwa mjane kutoka Kigoma, muuza vitenge, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Kitenge ulichobebewa mgongoni kilitoka kwake. Ulipozaliwa alikileta mwenyewe na kumwambia mama yako, "Mwarabu wa Kongo anayeniletea mzigo anataka bei, mtoto hataki bei, chukua." Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alikuwa ameacha sukari kabisa, akinywa chai kavu huku akiikunjia uso kama mtu anayekunywa mwarobaini. Alipoambiwa kuna utamu usiodhuru, alinunua chupa nzima. Akaweka vijiko vitatu katika kila kikombe. Baada ya majuma kadhaa akaacha na vidonge vyake, kwa hesabu ambayo siwezi kuilaumu: dawa iko mezani tayari, za nini nyingine chungu?

Sasa nikueleze mwilini kunatokea nini, kwa sababu wateja wako watakuuliza. Mdomo hutofautisha asali, sukari guru na sukari nyeupe bila shida. Damu haina mdomo. Kila kimoja kikifika tumboni huvunjwa, au kimevunjwa tayari na nyuki, na kinachoingia kwenye damu ni sukari zile zile ndogo. Asali inaweza kuipandisha taratibu kidogo, na kwa kuwa ni tamu zaidi mtu mwenye kiasi atatia kidogo, basi. Kuna ule unga wa viwanda vya kemikali uliokuwa ukitiwa kwenye barafu za watoto hapa mpakani, sakarini, ambao chembe yake inashinda kijiko cha sukari. Huo watu waliuogopa kuliko vyote, nao ndio pekee katika hivi usiopandisha sukari ya damu. Una maswali yake, nami siutetei. Nakuonyesha tu kwamba kitu kutoka kwenye maua hakikuambii kitafanya nini kwenye damu, na kitu kutoka kiwandani vilevile hakikuambii.

Bi Rehema alianza kuwa na kiu isiyokatika. Akasinzia dukani, vitenge vikimwangukia mapajani. Siku moja mwanawe Idi, aliyekuwa akipakia malori pale mpakani, alirudi nyumbani adhuhuri akamkuta hajibu, anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akampakia kwenye mkokoteni akakimbia naye hospitali. Wakampima wakamwambia sukari imepanda kupita kiasi. Idi akasema haiwezekani, mama yake hajagusa sukari mwaka mzima, anatumia asali tu. Akiwa amesimama kwenye korido ile akapiga hesabu yake: asali haipandishi sukari, mama amepandishwa sukari, basi kilichokuwa kwenye chupa hakikuwa asali. Ukianza na uongo ule wa kwanza, hesabu hiyo haina kosa hata moja. Ndiyo maana nakuandikia.

Ilikuwa msimu wa baridi. Unajua asali ya Ibaba inavyofanya baridi ikiingia: huganda na kuwa nyeupe yenye chenga, kama uji uliolala. Wewe na mimi tunajua kwamba ile sukari moja katika zile mbili hujitenga na kufanya punje, na kwamba ukiweka chupa juani inarudi. Idi alikulia kwenye joto la ziwa na hajawahi kuona jambo hilo. Alifika sokoni, akazamisha mkono ndani ya debe hadi kwenye kiwiko, akautoa umejaa chenga, akawainulia watu.

"Hii ni nini? Niambieni ninyi. Hii si sukari?"

Vijana wa kupakia walikuwa wamekuja naye. Wauza mchele wakasogea. Nilipofika mimi, mduara ulikuwa umekwisha kufunga na mjomba wako alikuwa katikati, kofia imeanguka, anacheka kile kicheko cha mtu anayetaka kuaminika. Waliponiona wakapasua njia. Mtu akasema, "Mwalimu apite." Mwingine akasema, "Huyu ndiye mwenye dawa." Uso wa mjomba wako ulilegea kwa furaha. Namwona mpaka leo jinsi mabega yake yalivyoshuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Idi alinisalimia. Hilo huwa nalikumbuka. Asali ilikuwa imemgandia mkononi hadi kiwiko, na akanipa shikamoo. Kisha akauliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Hii ni asali au si asali?"

Nilijua mambo mawili. La kwanza, asali ile ilikuwa safi kuliko asali yote ya soko lile. La pili, usafi wake haukuwa na uhusiano wowote na kilichompata Bi Rehema, kwa sababu vijiko vile vya asali safi, bila vidonge, vinatosha kabisa kumlaza mgonjwa wa sukari. Kama ningesema la kwanza peke yake, wangeniuliza mbona mama amelala hospitali. Kama ningesema la pili, ingejulikana mjomba wako ameuza madhara kwa jina langu. Nikasita. Na katika kusita kwangu mtu akapiga kelele nyuma, "Kiberiti! Pima kwa kiberiti!"

Unalijua jaribio hilo, na kila mtu Tunduma analijua. Unachovya kichwa cha njiti kwenye asali, unapiga. Ikiwaka, asali ni ya kweli. Halina maana. Linaonyesha kama kuna maji mengi tu, na mtu akichemsha sukari ya dukani hadi iwe nzito, njiti itawaka vizuri sana. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo, na aliyejibu vinginevyo kwenye mtihani nilimnyima alama. Lakini nilijua asali ya mjomba wako ni nzito. Nikaamini itawaka. Nikaona hapa kuna njia ya kututoa wote salama, bila mtu yeyote kulazimika kusikia jambo la pili. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Sawa. Kiberiti kitaamua."

Nilikiita kitu nisichokiamini kiwe hakimu, kwa kuwa nilidhani kitahukumu upande wangu.

Mama mmoja wa Nakonde aliyeuza chai na maandazi alinipa kiberiti chake, "Ba mwalimu, hiki hapa." Kilikuwa kimeshinda asubuhi nzima kando ya birika, kwenye mvuke. Sikukitazama. Nikachovya njiti ya kwanza, nikapiga, kichwa chake kikasagika kama udongo. Nikachovya ya pili. Ikalia kidogo, ikatoa moshi, ikafa.

Mtu akacheka.

Nikasema, "Subirini, kiberiti hiki kina unyevu, ngojeni niwaelezeni." Na nikaanza kueleza. Mwanangu, nilikuwa bado naeleza wakati ngumi ya kwanza inatua.

Walimpiga mjomba wako kwa mikono kwanza. Vijana wanaobeba magunia ya saruji wana mikono ambayo haihitaji silaha. Akaanguka juu ya debe lake, wakamwinua, wakamwangusha tena. Mmoja akasema, "Mnyweshe dawa yake," na wakamsokomeza asali mdomoni kwa viganja, ile iliyoganda, ikajaa hadi kooni, ndiyo maana hakupiga kelele. Mtu anayepigwa akipiga kelele, mwingine huweza kumhurumia. Yeye alitoa mlio wa puani tu, kama mbuzi aliyefungwa mdomo. Niliingia katikati, nikavutwa kwa shati, nikatupwa kwenye magunia ya mchele kwa heshima yote. "Mwalimu, kaa pembeni," wakaniambia. Hawakunipiga hata kofi. Nilikuwa shahidi wao.

Kisha Idi akaokota mfuniko wa debe. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, anataja jina la mama yake kila anapopiga. Alipiga kwa ubapa, mara ya kwanza na ya pili. Halafu mfuniko ukageuka mkononi mwake, ukashuka kwa ukingo.

Damu na asali vikichanganyika huwa vizito na havikimbii. Vilikaa usoni pake kama barakoa. Nyuki waliokuwa wakizunguka madebe, wale wa sokoni wasiokosa, walishuka juu yake, na watu wakarudi nyuma kwa kuogopa nyuki, si kwa kingine. Ndipo dereva mmoja wa lori aliyekuwa kwenye foleni akawasha gari, akabana honi bila kuiachia, akaingiza pua ya lori lake polepole ndani ya umati mpaka bampa ikasimama juu ya mjomba wako kama paa. Sikuwahi kumjua jina. Hakuuliza asali ni ya kweli au si ya kweli. Alisimamisha mikono kwanza.

Polisi walikuja. Kila aliyeulizwa alisema alikuwa chooni wakati ule. Choo cha soko kile kingehitaji kuwa kikubwa kama uwanja wa mpira.

Jicho halikuokolewa. Majeraha mengine ya kichwa yalikataa kufunga, na mama yako akayapaka asali, ile ile iliyobaki kwenye debe, asubuhi na jioni, na yakafunga. Nakuambia hili ili usidhani naidharau asali. Juu ya kidonda inafanya kazi, kwa sababu hunyonya maji na wadudu wa kidonda hawaishi humo. Mama yako alikuwa akipaka na kulia, na mjomba wako akamwambia, "Dada, usiimalize, nitauza nini?"

Bi Rehema hakuamka. Tulimzika na msiba ulikuwa mkubwa, na mimi nilikwenda, nikaketi mkekani mbali na Idi mpaka watu walipotawanyika.

Alikuja yeye. Ilikuwa baada ya arobaini, mchana, wewe ukiwa umekaa mkekani hapa hapa barazani umejipaka ugali hadi masikioni. Hakuketi. Alinisalimia kama siku ile.

"Mwalimu, nimemweleza daktari habari ya asali. Ameniuliza kama iliganda wakati wa baridi. Nimesema ndiyo. Amesema basi huenda ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli," nikamwambia.

"Sasa mama yangu alikufa na nini?"

Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza nilieleza vizuri na kwa ufupi: kwamba asali ya kweli nayo ni sukari, kwamba damu haichagui. Alisikiliza mpaka mwisho. Ukimtazama ungesema ni mwanafunzi.

"Hilo ulilijua siku ile? Pale ulipochukua kiberiti?"

Nilijua anachouliza, na nilijua kitakachofuata. Nikasema, "Nilijua."

Alinipiga mdomoni. Meno haya mawili ya mbele unayoniona sina, nimekuwa nikiwaambia ninyi watoto kwamba niliteleza kisimani. Nilianguka karibu na wewe, ukaanza kulia, na Idi akakuinua akakuweka mbali na damu yangu. Kisha akasimama juu yangu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimempofusha mtu asiye na kosa. Ungesema maneno yale pale, mimi ningeketi chini nikalia. Ungesema tu."

Akaondoka. Nimesikia alivuka mpaka, yuko upande wa pili anaendesha malori. Sikumshitaki, na kama ungekutana naye ningependa umpe shikamoo.

Nilipopona mdomo nilipanda Ibaba nikamwambia mjomba wako yote: kwamba asali yake ilikuwa safi na kwamba ilimuua mtu, na kwamba nilijua hayo nikiwa na kiberiti mkononi. Aliendelea kuchonga mlango wa mzinga kwa kupapasa. Nilingoja anifukuze. Alichouliza ni hiki: "Sasa, shemeji, wateja niwaambie nini?" Nikamwambia. Na tangu msimu uliofuata hadi huu, umemsikia mwenyewe. Kila anayenunua humwambia, "Ni tamu, ni ya kweli, na mwenye ugonjwa wa sukari aiache." Wateja wengine huondoka hapo hapo. Wewe ulipokuwa kidato cha pili ulimwambia anajifukuzia biashara, akakujibu kwamba waliobaki wanatosha kumnunulia chumvi.

Sikukatazi kuuza, Lusekelo. Nakuombea uuze sana. Andika kwamba inatoka mlimani. Andika kwamba siku hizi inarinwa kwa moshi bila kuchoma nyuki, maana wewe ndiye uliyewafundisha, na hilo ni la kujivunia. Andika kwamba ikiganda iwekwe juani, na kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe. Mtu akikuuliza kama ni bora kuliko sukari, mwambie ina ladha zaidi na haikupita kiwandani, kisha mwambie ni sukari. Lakini yale maneno mekundu kuna Bi Rehema mahali fulani kule Dar anayatamani kuyasoma. Amechoka na chai kavu. Atakuamini kuliko daktari wake, kwa sababu wewe unamwambia anachotaka. Na ana mtoto wa kiume mwenye mikono.

Unajua sana kueleza, umelirithi hilo kwangu, na ninaliogopa. Watu kama sisi tukibanwa hupata njia ya tatu, kama kile kiberiti, haraka mno.

Ningeweza kuzichoma lebo zile. Nimezipita chumbani kwako mara kadhaa leo, nikazitazama, nikatoka. Wewe ni mtu mzima, jina lililo pale ni lako, na nikizichoma mimi utachapisha nyingine Dar ambako siwezi kuzipita. Kwa hiyo sikuzigusa.

Mjomba wako anafika alfajiri na gari la kwanza linaloshuka kutoka mlimani, Ileje, na madebe yake yote ya msimu huu. Amesisitiza kuja mwenyewe akupe kwa mkono wake. Unamjua: jicho lililobaki haliwezi tena herufi, na kila karatasi inayopita mbele yake lazima asomewe, hata mfuko wa chumvi. Ukiibandika chupa ya kwanza ataishika, ataipapasa lebo, atakuomba umsomee.

Msomee. Anza juu kwenye jina la Ibaba, ufike mpaka mstari wa chini, polepole, umtazame usoni. Mimi nitakuwa uani nampasulia mama yako kuni. Atakachosema yeye, na utakachofanya wewe baada ya hapo, ni vyenu. Usiniite nije kueleza.

Baba yako.